Parbrizi ya mpira isiyovuja: namna ya kuifunga upya kwenye gari la zamani

Mvua ya Goma haina haraka. Inaweza kuanza mchana ikanyesha hadi usiku, na gari lenye parbrizi (kioo cha mbele) iliyofungwa vibaya litatoa siri yake kabla hujafika Sake: tone moja juu ya goti la dereva, zulia linaanza kunuka, kisha siku moja fyuzi zilizo chini ya dashibodi zinaanza vituko. Dawa inayopendwa kwenye garaji nyingi ni kuzungusha silikoni juu ya mpira. Inashika wiki mbili, tatu. Halafu maji yanarudi, safari hii yakipita chini ya silikoni, na bati linaoza bila mtu kuliona.

Maelezo haya ni ya magari ambayo parbrizi yake inashikwa na mpira peke yake: Land Cruiser za aina ya 60 na 70, Land Rover Defender, malori ya zamani ya Mercedes na Fuso. Utayatambua kwa macho. Mpira mweusi mpana unazunguka kioo chote, nje na ndani, na ukiubonyeza kwa kidole unabonyea. Gari ambalo kioo chake kimegundishwa moja kwa moja kwenye bodi, kama RAV4 au Noah, lina masharti yake, yako mwishoni.

Shika jambo moja kabla ya kununua chochote: kinachozuia maji ni mpira uliokaa sawa juu ya bati safi, ukiwa umebana kioo chenye unene wake. Mastiki, ule uji mzito wa kuzibia, ni msaidizi. Ukiona fundi anaanza na mastiki, kazi hiyo itarudiwa.

Tafuta kwanza maji yanapita wapi

Maji hayaingii pale yanapoonekana. Tone linaweza kuingia kona ya juu kulia, likatambaa nyuma ya plastiki ya nguzo, likatokea miguuni upande wa kushoto. Kwa hiyo fungua plastiki za nguzo mbili za mbele, inua zulia, kausha kila kitu kwa kitambaa. Bandika vipande vya karatasi ya chooni kando ya mpira kwa ndani, hasa chini na kwenye kona nne. Karatasi inaonyesha unyevu ambao jicho halioni.

Mtu mmoja akae ndani na torchi, mwingine amwagilie nje. Kama hakuna bomba, bidoni la lita 20 lenye kifuniko kilichotobolewa vitundu vinne au vitano linatosha kabisa. Anza chini: mwagia ukingo wa chini tu kwa dakika tatu, kisha pande, kisha juu. Ukianza juu, maji yatateremka kila mahali na hutajua ni wapi yalipoingilia.

Usiilaumu parbrizi bila ushahidi. Magari yanayobeba mizigo kwenye galeri, yaani keria ya juu ya paa, huvuja kwenye mshono ulio ndani ya mfereji wa paa, kwa sababu miguu ya galeri inaukandamiza na mastiki ya kiwandani inapasuka. Maji hayo yanashuka ndani ya nguzo na kutokea palepale ambapo parbrizi ingevuja. Washukiwa wengine ni tundu la antena, vishina vya esiglasi (waipa), mdomo wa hewa ulio mbele ya kioo unapozibwa na majani, na mpira wa mlango. Mwagia kila kimoja peke yake.

Kama ni parbrizi kweli, tazama tone lenyewe. Likiteremka juu ya uso wa kioo kwa ndani, maji yanapita kati ya kioo na mpira. Likitokea nyuma ya dashibodi, au likilowesha kitambaa cha dari, yanapita kati ya mpira na bati. Ya pili ndiyo mbaya, maana mara nyingi chini yake kuna kutu.

Kununua

Kioo kiwe feyete, yaani tabaka mbili za kioo zenye utando wa plastiki katikati. Kikipigwa na jiwe kinapasuka lakini hakimwagiki. Kioo kinachosambaratika kuwa punje ndogo kama chumvi ya mawe ni cha milangoni na nyuma, si cha mbele. Aina yake imeandikwa kwenye kona ya chini, pamoja na alama ya kiwanda.

Kisha pima unene. Chukua kipande cha kioo cha zamani na hicho kipya, vipime kwa kalipa. Parbrizi nyingi za magari haya ziko kati ya milimita 5 na 6.5, na tofauti ya nusu milimita mpira unaweza kuivumilia. Ikifika milimita nzima kwa wembamba, mfereji wa mpira haubani tena na hakuna mastiki itakayokuokoa. Hapo ndipo vioo vya kukatwa mtaani vinapoponza watu. Kioo cha Defender ni bapa, kwa hiyo kinaweza kukatwa kutoka kwenye feyete bapa na mkataji mzuri. Lakini dai unene uleule, na dai kingo zisagwe kwa jiwe lenye maji hadi zisikwaruze ukucha. Ukingo mkali unakata mpira taratibu, kila gari linaporuka shimo.

Kioo cha okazio, yaani kilichokwisha kutumika, hakina ubaya wowote kikiwa na kingo nzima. Tazama ile sentimita moja na nusu ya pembeni ambayo mpira utaificha: kipande kidogo kilichobanjuka pale ndipo ufa utakapoanzia. Kama kioo cha zamani bado kipo, kilaze juu ya kipya. Umbo likitofautiana zaidi ya milimita 2 au 3 mahali popote, hicho ni cha gari jingine, muuzaji aseme asemavyo.

Mpira, nunua mpya. Kurudisha mpira wa zamani ndiyo sababu ya kwanza ya kioo kipya kuvuja. Jua linaukausha, unasinyaa, na unashika umbo la kioo kilichotoka. Kama huna budi, ukunje mara mbili kama mkanda: ukiona nyufa ndogo kwenye mkunjo, au ukiufinya kwa ukucha alama ikabaki, tupa. Mpira bora ni ule uliotengenezwa ukiwa mduara mzima wenye kona zake. Ule wa kukata kutoka kwenye rola unafanya kazi pia, ila ukate mrefu zaidi kwa sentimita moja katika kila mita, kisha ziada hiyo uisukumize ndani ukiufunga. Ukiukata sawasawa na mzunguko, utasinyaa na kufungua mdomo pale ulipoungwa. Kiungo chenyewe gundi kwa supaglu, kikae katikati ya upande wa juu. Wapo wanaokiweka chini kwa sababu hakionekani. Chini ndiko maji yanakotuama.

Vingine: kamba ya nailoni laini ya milimita 4 au 5, ndefu kuliko mzunguko wa kioo kwa mita moja (mzunguko wa Land Cruiser ni karibu mita 4, kwa hiyo mita 5), kartushi moja ya mililita 310 ya mastiki ya butili, ile isiyokauka ikawa ngumu, sabuni ya kuoshea vyombo, msasa namba 80, 180 na 320, brosi ya chuma, dawa ya kutu yenye asidi ya fosfori, apre ya epoksi (rangi ya msingi) na rangi, mastiki ya kuziba mishono ya bati, kabari mbili tatu za mbao au plastiki, skochi ya karatasi.

Ukizunguka Birere, mtaa wa maduka hapa Goma, utapewa silikoni ya kuogea kila duka. Inuse. Ikinuka siki, inatoa asidi inapokauka, na asidi hiyo inaamsha kutu kwenye bati lililo wazi. Tena ikishapakwa, hakuna kitu kinachoshika juu yake, si rangi, si mastiki, hata silikoni nyingine haishiki vizuri. Iache dukani.

Kutoa kioo cha zamani

Toa esiglasi, kioo cha kutazamia nyuma na vizuizi vya jua. Funika dashibodi kwa blanketi, na matundu ya hewa uyazibe kwa skochi. Hili watu hulidharau. Chenga za kioo zikiingia kwenye matundu yale, zitarushwa usoni siku ya kwanza dereva atakapowasha feni.

Kama mpira una utepe wa kufungia uliochomekwa katikati yake, kama ule wa Defender, uchomoe kwanza. Mpira utalegea wenyewe. Kama hauna, na mpira ni wa kutupwa, kata mdomo wake wa ndani kwa kisu kuzunguka kote. Mtu wa ndani asukume kona ya juu kwa viganja viwili, taratibu, na wa nje apokee. Glavu na miwani si urembo. Usichokonoe kwa bisibisi kati ya mpira na bati: kila mkwaruzo unaofika kwenye chuma ni kutu ya mwakani.

Ukingo wa bati ndiyo kazi yenyewe

Tenga siku nzima, hata mbili. Kioo kinaweza kufungwa kwa saa moja. Ukingo hauwezi kuharakishwa.

Kwangua mastiki na silikoni yote ya zamani kwa kipande cha plastiki ngumu, kisha futa kwa kitambaa chenye petroli ya taa kidogo, na umalizie kwa sabuni na maji. Sasa tazama kona mbili za chini. Maji yanatuama pale, na hapa kwetu yanakuja na wenzake: vumbi jeusi la volkano, ambalo ni punje ngumu zinazosaga rangi chini ya mpira kila bodi inapotikisika, na mvua inayopita katika moshi wa Nyiragongo, wenye gesi ya salfa, ikateremka na tindikali. Mabati ya nyumba yanalijua hilo, na gari halina kinga ya pekee.

Chukua bisibisi nyembamba ugonge kila malengelenge ya rangi. Penye mlio mkavu ni bati. Panapobonyea au bisibisi ikazama, ni kutu iliyokula hadi upande wa pili. Kutu ya juujuu ikwangue kwa brosi ya chuma, kisha msasa wa 80 hadi chuma king'ae, halafu 180. Vishimo vidogo vinavyobaki vyeusi vipake dawa ya kutu, uiache muda ulioandikwa kwenye chupa, osha, kausha kabisa. Epoksi ikipakwa juu ya asidi ambayo haikuoshwa itabanduka kama ganda la muhogo.

Pakiwa pametoboka, lazima tolye, fundi wa bati, achomelee kipande. Tenganisha betri kwanza, na ushushe kitambaa cha dari na nyaya zilizo karibu. Muhimu kuliko yote: kipande kichomelewe ukingo kwa ukingo na bati lililopo, kisilazwe juu yake. Mfereji wa mpira umetengenezwa kwa unene fulani wa bati. Ukilaza bati juu ya bati, unene unaongezeka mahali pamoja, mpira unainuka pande mbili za kiraka, na maji yanapata milango miwili badala ya mmoja. Kujaza tundu kwa mastiki ya karoseri bila kuchomelea ni kujidanganya. Ikitikiswa kwenye mawe ya lava inadondoka kabla ya msimu kuisha.

Saga mishono ya kuchomelea ilingane na bati. Pitisha kidole ukiwa umefumba macho, mzunguko mzima. Kidole kikikwaa, kioo nacho kitakwaa, na nundu ya milimita mbili inatosha kupasua parbrizi mpya wiki moja baada ya kufungwa. Dereva atasema ni jiwe.

Pima pia pembe kwa pembe: kona ya juu kushoto hadi ya chini kulia, kisha kinyume chake. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita 5, fremu imepinda, pengine kwa ajali ya zamani, na inyooshwe kwanza.

Apre tabaka mbili nyembamba, msasa wa 320 kwa mkono, rangi tabaka mbili. Nyembamba, kwa sababu rangi nene nayo inaongeza unene. Panapokutana mabati mawili kwenye kona, paka mastiki ya mishono kabla ya rangi na uilainishe kwa kidole chenye maji ya sabuni. Goma iko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, usiku una baridi na unyevu, kwa hiyo saa sita zilizoandikwa kwenye kopo usizihesabu. Acha saa 24. Rangi mbichi itagandana na mpira, na siku ukitoa kioo itaondoka nao. Kazi hii ikiweza kusubiri kiangazi, Juni hadi Agosti, isubiri.

Kuvisha mpira na kupitisha kamba

Laza kioo juu ya blanketi kwenye meza, upande wa nje ukiwa chini. Safisha ukingo wake kwa sabuni, kisha vuta mpira kuanzia kona moja ya juu, ukihakikisha kona za mpira zimekaa kwenye kona za kioo. Mpira uliokaa ghalani umekunjwa, uloweke kwanza katika maji ya moto ya kuogea kwa nusu saa. Utalainika na kurudi kwenye umbo lake. Hakikisha mdomo mpana unaotazama nje uko upande wa nje. Linaonekana ni jambo la mtoto, lakini mpira uliovikwa kinyume unaingia vizuri tu na unavuja vizuri tu.

Sasa kamba. Mpira una mifereji miwili: mmoja umeshika kioo, mwingine utashika bati. Kamba inaingia kwenye huo wa bati. Anza katikati ya upande wa chini, izungushe pote, na ncha mbili zikutane hapohapo chini zikiwa zimepishana sentimita 25 hivi, zikining'inia upande wa ndani wa gari. Ncha zisipopishana, patabaki kipande cha mdomo ambacho hakuna kitu cha kukivuta.

Paka maji ya sabuni kwenye mfereji na kwenye ukingo wa bati, mengi. Usipake oili, grisi wala mazuti (dizeli), maana vinavimbisha mpira na kuulegeza. Watu wawili wabebe kioo, wakiweke kwa nje: upande wa chini ukae kwanza sawasawa juu ya ukingo, kisha kiegemezwe. Kabla ya kuvuta chochote, tazama mapengo ya kushoto na kulia yalingane. Hapa bado unaweza kusogeza. Baada ya hapa huwezi.

Wa ndani ashike ncha moja ya kamba na kuivuta kuelekea katikati ya kioo, si kuelekea kwake. Kamba ikivutwa hivyo, mdomo wa mpira unainuka na kuruka juu ya ukingo wa bati, sentimita kwa sentimita, kama kope la jicho linavyogeuzwa. Wa nje awe anafuata palepale kamba ilipofika, akikandamiza kioo kwa viganja vilivyo wazi. Hakuna ngumi, hakuna nyundo ya mpira kwenye pembe. Vuta upande wa chini hadi kona zote mbili, kisha pandisha pande mbili kwa zamu, umalize juu katikati.

Kona zinagoma, hasa za juu. Kamba ikikwama usiongeze nguvu: rudisha nyuma sentimita tano, ongeza sabuni, chomeka kabari ya plastiki chini ya mdomo kuusaidia, uvute tena. Kamba ya katani usiitumie kabisa, kwa sababu inakwaruza na kukata mdomo. Waya wa umeme wenye ganda laini unaweza kuchukua nafasi ya nailoni.

Kikishakaa, zunguka ndani na torchi. Mdomo uwe umefunika bati kote, bila mkunjo. Mkunjo ukiuacha hautajinyoosha wenyewe. Kama mpira una utepe wa kufungia, uingize sasa kwa sabuni, na utepe nao ukatwe mrefu kidogo.

Mastiki, mwisho na kwa kiasi

Wapo mafundi wanaojaza mastiki kwenye mfereji kabla ya kufunga. Inafaa kwa bati lenye vishimo vingi, lakini inachafua, inateleza, na ikivuja huwezi kujua kosa liko wapi. Kwenye ukingo uliotengenezwa vizuri, funga kikavu kwanza, mwagia maji kama mwanzo, uone. Mpira mzuri peke yake unazuia karibu yote. Kausha kwa siku moja, ndipo upake mastiki.

Bandika skochi ya karatasi juu ya kioo na juu ya rangi, milimita 2 kutoka kwenye mpira. Kata ncha ya kartushi iwe na tundu la milimita 4 au 5. Inua mdomo wa nje wa mpira kwa kabari, ingiza ncha chini yake, na usukume mstari mmoja usiokatika, mzunguko mzima: kwanza kati ya mpira na kioo, kisha kati ya mpira na bati. Mistari miwili ya namna hiyo kwenye mzunguko wa mita 4 inakula nusu ya kartushi. Ukiona imekwisha yote, umepaka juu badala ya chini. Kandamiza mdomo ili ziada itoke, ifute, bandua skochi kabla mastiki haijaanza kuvuta ngozi. Mabaki futa kwa kitambaa chenye petroli kidogo sana, kisha sabuni mara moja.

Petroli, kwa msemo wa huku, ni ile ya taa. Fundi aliyejifunza upande wa Kenya akisikia petroli anaweza kushika esansi, ile ya kuendeshea gari, ambayo inakula mpira na kuwaka moto. Mtajie jina la chupa.

Usipake mastiki upande wa ndani. Hata kama uvujaji unauona kwa ndani. Ukiziba ndani na nje bado pako wazi, maji yanaingia, yanakosa pa kutokea, yanakaa juu ya bati miezi. Zulia litakuwa kavu na nguzo itakuwa inaoza. Na kama mpira wako una vitundu vidogo upande wa chini, hivyo ni vya kutolea maji, viache wazi.

Kulijaribu gari likiwa limejipinda

Kumwagia gari lililosimama kwenye sakafu tambarare hakutoshi. Tafuta jiwe bapa la lava la sentimita 20 hivi, pandisha gurudumu moja la mbele juu yake, zima gari, vuta breki ya mkono na weka kigingi nyuma. Bodi sasa imejipinda kidogo, kama inavyojipinda barabarani. Mwagia dakika 10, kisha hamisha jiwe upande wa pili. Uvujaji unaotokea hapa tu ni wa kona ambayo mpira haukukaa hadi mwisho, na hurekebishwa kwa sabuni, kabari na kipande cha kamba, bila kutoa kioo.

Kuna pia uvujaji unaotokea gari likikimbia tu. Upepo unakandamiza kioo na kufungua mdomo wa juu. Mara nyingi sababu ni kioo chembamba, au mpira uliokatwa mfupi. Baada ya wiki mbili za barabara mbovu, kandamiza mpira wote kwa kidole tena. Ukiinuka mahali, inua mdomo, ongeza mastiki pale tu.

Kama kioo ni cha kugundishwa

RAV4, Noah na wenzake hawana mpira wa kubana. Kioo kinashikwa na gundi ya poliyuretani, na ni sehemu ya nguvu ya bodi. Kwenye gari lenye mfuko wa hewa upande wa abiria, mfuko huo unaweza kuegemea kioo unapofunguka. Kwa hiyo hapa butili na silikoni haviruhusiwi hata kidogo.

Gundi ya zamani usiikwangue yote hadi chuma. Ikate kwa kisu ibaki tabaka ya milimita 1 au 2 iliyoshika vizuri, kwa sababu gundi mpya inashika juu ya hiyo kuliko juu ya kitu kingine chochote. Palipokwaruzika hadi chuma, na pembezoni mwa kioo, paka primeri nyeusi inayoendana na gundi hiyo na usubiri muda wake. Kata ncha ya kartushi kwa umbo la V, upana milimita 8 na kimo milimita 12, ili mstari usimame kama pembetatu. Kwa mzunguko wa mita 4 unatumia karibu mililita 200, kwa hiyo kartushi moja ya 310 inatosha gari dogo. Gari kubwa andaa mbili, maana mstari ukikatika njiani, panapoungana ndipo patakapovuja. Weka kioo ndani ya dakika 10 tangu uanze kupaka.

Soma tarehe ya mwisho kwenye kartushi na uibonyeze kabla ya kulipa: ikiwa ngumu, imekwisha kukauka humo ndani. Poliyuretani inakauka kwa unyevu wa hewa, na huo hatuukosi, lakini baridi inaichelewesha, kwa hiyo gari lilale garaji hadi kesho yake. Teremsha vioo vya milango kidogo. Ukibamiza mlango gari likiwa limefungwa kote, hewa ya ndani inasukuma parbrizi nje kabla gundi haijashika. Na kama kioo hakina ule ukanda mweusi pembeni, gundi itapigwa na jua moja kwa moja na kuchakaa. Primeri nyeusi ipakwe kwenye kioo kuzunguka kote, pana kuliko mstari wa gundi, kabla ya kukiweka.